Kujifunza uchomeleaji kwa fundi hapa Mtwara: kuanzia siku ya kwanza mpaka dirisha lako la kwanza

Kila mwaka mvua zikikatika, vijana wawili watatu huja karakanani kwangu Magomeni na maneno yaleyale: "Shikamoo fundi, nataka kujifunza welding." Nikiwauliza welding ni nini, wananyooshea kidole mashine. Na wewe nataka tuanzie hapohapo. Mashine ni sehemu ndogo ya kazi hii. Geti likipinda, dirisha likigoma kuingia ukutani, meza ikicheza, mara nyingi kosa halikufanyika wakati wa kuchomelea. Lilifanyika kwenye kupima, kukata, kusafisha na kubana, moto ukiwa bado haujawashwa. Kijana anaweza kukaa miaka miwili kwa fundi, akachomelea maelfu ya pointi alizopangiwa na mwingine, akatoka bila kuweza kutengeneza stuli peke yake. Nimewaona wengi, na wengine walikuwa na mikono mizuri kuliko yangu.

Kwa hiyo mwongozo huu utarudi mara kwa mara kwenye swali moja: tepu ya kupimia iko mkononi mwa nani? Nauandika kwa ajili ya binti au kijana wa Mtwara na Lindi anayetaka kujifunzia karakanani, na kwa mzazi anayemsindikiza.

Kabla hujaenda kwa fundi yeyote

Umri kwanza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na aliye chini ya miaka 18 hairuhusiwi kumtumikisha kwenye kazi za hatari. Kazi yetu ina umeme, moto, moshi na mawe ya kukatia yanayozunguka kwa kasi ya kutisha. Mimi simpokei aliye chini ya miaka 18, hata mzazi akija na mchele na kuku. Mzazi, tafadhali, usimlete mtoto wa darasa la sita "ashike kazi mapema".

Jambo la pili ni namna ya kujikimu. Miezi sita ya mwanzo hesabu kwamba hutalipwa. Mafundi wengi hutoa hela ya kula siku ambazo kazi imeingia, na siku isipoingia hakuna. Kaa na ndugu zako mkubaliane utalala wapi na utakula nini, maana wanaoacha njiani wengi wanaachishwa na njaa. Ugumu wa kazi unazoeleka.

La tatu ni msimu, na hili watu hawalifikirii kabisa. Huku kwetu fedha hufuata korosho. Minada ikianza Oktoba, wakulima wa Newala, Tandahimba, Masasi na Nachingwea wanapata malipo, na hapo ndipo oda za mageti, madirisha na milango zinapomiminika mpaka Desemba na Januari. Ukiingia karakanani Oktoba hujui kitu, fundi hana hata dakika ya kukuelekeza. Utakuwa wa kubeba vyuma na kufuata chai. Ingia Aprili au Mei, masika yanapoisha na kazi ni chache. Fundi ana muda, chuma chakavu kimejaa pembeni, na una miezi mitano ya kuharibu na kurudia. Oktoba ikifika unakuwa mtu wa kutegemewa, na hapo ndipo posho inapoanza kupanda.

Kuchagua karakana

Usichague kwa ukaribu na nyumbani. Chagua karakana tatu, halafu nenda ukakae kwenye kila moja nusu siku bila kusema unataka kujifunza. Peleka baiskeli ikaungwe kerea, upate sababu ya kukaa.

Angalia grenda, zile mashine za mkono za kukatia na kusagia chuma: zina kinga ya jiwe au zimefunguliwa? Angalia nyaya za mashine: zimefungwa vizuri au zimekunjwa kwa mfuko wa plastiki? Hesabu ngao za uso na uhesabu watu wanaochomelea. Kama ngao ni moja na watu ni watatu, wawili wanafumba macho na kubahatisha, na wewe utakuwa wa nne.

Kisha tafuta geti lililokamilika, ligeuze utazame upande wa nyuma, ule ambao mteja hauoni. Fundi anayejiheshimu hutengeneza mshono wa nyuma kama wa mbele. Ukikuta matone makavu yaliyokalia chuma bila kuzama, na rangi imepakwa juu ya ganda linaloachwa na rodi, kile kijiti cha chuma kinachoyeyuka na kuunganisha, hapo utajifunza kuficha.

Ulizo kubwa kuliko yote liulize nje ya karakana: wanafunzi wa zamani wako wapi? Fundi mzuri ana watu mjini. Utasikia yule wa Chikongola alitoka kwake, yule wa Mikindani alitoka kwake. Kama amefanya kazi miaka 15 na hakuna hata mmoja anayejitegemea, jiulize kwa nini.

Andikianeni

Watu wengi huku kwetu hupokea mwanafunzi kwa mdomo tu, mzazi akishuhudia. Heshima ipo, lakini maneno hupotea. Andikeni karatasi moja kwa Kiswahili cha kawaida, nakala mbili, kila mmoja atie saini, na mwenyekiti au mtendaji wa mtaa ashuhudie. Usione haya. Fundi anayekasirishwa na karatasi amekujibu tayari.

Karatasi iseme muda ni miezi mingapi. Iseme kama kuna ada, inalipwa lini, na kama inarudi ukifukuzwa. Iseme hela ya kula, saa za kazi na siku ya kupumzika. Iseme nani ananunua ngao, glavu na buti, na nani anagharamia matibabu ukiumia kazini. Kipengele hiki wengi hukiruka, halafu ajali ikitokea kila mmoja anatazama pembeni. Na iseme utafundishwa nini kufikia wakati gani. Mimi huandika hivi: "Mwezi wa kwanza atapima na kukata vipande vya kazi halisi chini ya uangalizi. Mwezi wa pili ataanza kuchomelea kwenye chuma chakavu, si chini ya rodi tano kwa siku ya kazi. Mwezi wa sita atatengeneza kitu kizima peke yake." Rodi tano kwa siku zina gharama ndogo kwa fundi. Kwako ndizo shule yenyewe.

Mwezi wa kwanza: tepu, skwea na msumeno

Utafagia, utapanga vyuma, utatumwa dukani. Fanya bila kununa, ila kila unapotumwa jifunze jina na kipimo: skwea paipu ya inchi moja, ya inchi moja na nusu, flati baa (chuma bapa), engo laini (chuma chenye umbo la L), nondo ya milimita 10, ya 12. Jifunze geji. Geji 16 ni unene wa takriban milimita 1.6, geji 18 ni takriban 1.2. Namba ikipanda, chuma kinapungua unene, na hapo wanafunzi wengi huchanganyikiwa wakanunua kinyume.

Tepu ina siri ndogo. Ile ndoano ya mbele huchezacheza, na wengi hudhani imeharibika, wanaigonga nyundo ikaze. Imetengenezwa hivyo makusudi: ukiitundika ukingoni inavutika, ukiisukuma ukutani inarudi, na tofauti hiyo ni sawa na unene wa ndoano yenyewe. Ukiikaza umeharibu tepu. Na amua kipimo kimoja. Hapa mjini mteja anasema futi, muuza vyuma anasema inchi, fundi anaandika sentimita. Inchi moja ni sentimita 2.54. Mlango wa futi 3 kwa 7 ni sentimita 91.4 kwa 213.4, wala si 90 kwa 210 kama wengi wanavyokadiria. Hizo sentimita tatu na ushee za urefu zimenigharimu mlango mzima, mwaka wangu wa kwanza wa kujitegemea.

Kitu cha pili ni pembe. Skwea, ile rula ya pembe mraba, hukudanganya ikishaanguka mara mbili tatu, lakini ulalo haudanganyi. Fremu yoyote ya mstatili, pima kona kwa kona, halafu kona kwa kona nyingine. Vipimo viwili vikilingana, fremu iko sawa. Unaweza hata kuujua ulalo kabla: zidisha upana kwa upana, urefu kwa urefu, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili kwenye kikokotoo cha simu. Fremu ya 90 kwa 210 ulalo wake ni 228.5. Dirisha la 120 kwa 150 ni 192.1. Andika namba hizo kwa chaki ukutani ukianza kazi, usingoje mwisho.

Kisha kukata. Mchonga vinyago wa Kimakonde akishaondoa kipande cha mpingo hakirudi, ndiyo maana huzunguka gogo kwa muda mrefu kabla ya kulipiga. Kaa na tabia hiyo. Piga mstari kwa chaki iliyochongwa au msumari, kumbuka jiwe la kukatia linakula milimita mbili au tatu, na amua mstari unabaki upande gani. Kabla ya kukata kipande cha kwanza, andika vipande vyote unavyohitaji. Tuseme fremu ya dirisha la 120 kwa 150: vipande viwili vya 150 na viwili vya 120, jumla 540. Paipu ya mita 6 inatosha na inabaki karibu 60. Lakini pima paipu yenyewe kwanza, maana nyingi dukani zina mita 5.8. Hapa bado inatosha. Kwenye mlango inaweza isitoshe, na mteja atakuwa ameshakupa hela ya paipu moja pungufu.

Grenda

Hapa naomba unisikilize sana. Jiwe kubwa la milimita 230 limetengenezwa kuzunguka kama mara 6,600 kwa dakika. Grenda ndogo, ile inayochukua jiwe la 115, huzunguka zaidi ya mara 10,000. Kuna mafundi wanaofungua kinga ya grenda ndogo na kuvalisha jiwe kubwa ili wakate haraka. Karakana niliyojifunzia walifanya hivyo. Asubuhi moja jiwe lilipasuka, kipande kikapita kati yangu na mwenzangu na kuzama kwenye nguzo ya mnazi iliyoshikilia paa. Tulikichomoa kwa koleo. Kimo chake kwenye nguzo kilikuwa kimo cha shingo yangu.

Kinga isifunguliwe. Kasi iliyoandikwa kwenye jiwe iwe kubwa kuliko ya mashine. Jiwe la kukatia usilitumie kusagia kwa ubavu. Simama pembeni ya mstari wa jiwe, siyo nyuma yake. Vaa miwani ya kinga kila mara, hata kwa mkato mmoja. Ukiambiwa utumie grenda iliyofunguliwa kinga, kata kwa msumeno wa mkono. Utachelewa, utachekwa, utakuwa mzima.

Macho, mapafu, umeme

Mwanga wa kuchomelea una miale ya urujuanimno, na miale hiyo inaunguza jicho bila maumivu wakati huohuo. Maumivu huja saa kadhaa baadaye, mara nyingi usiku: unahisi mchanga machoni, machozi hayakatiki, taa inakuchoma. Mtaani watakuletea viazi vilivyokwaruzwa na maziwa ya mama anayenyonyesha. Mimi niliwekewa vyote viwili na bibi yangu kwa mapenzi mema. Havikuniponyesha, kilichoponya ni muda na giza. Pumzika pasipo mwanga, weka kitambaa safi chenye maji baridi juu ya kope zilizofumbwa, usisugue, wala usinunue dawa ya matone kwa kubahatisha. Kawaida hupungua ndani ya siku moja au mbili. Ikizidi hapo, au ukiona ukungu, nenda hospitali. Kinga yake ni ngao yenye kioo namba 10 au 11. Miwani ya jua, hata iwe nyeusi vipi, haifai.

Bomba lenye mng'ao wa fedha limepakwa zinki. Likichomelewa hutoa moshi mweupe, na ukiuvuta jioni utapata homa, baridi na ladha ya chuma mdomoni, ukidhani ni malaria. Saga zinki yote mahali pa kuchomelea huku umeziba pua kwa barakoa nzuri, fanyia kazi nje, upepo ukitokea ubavuni kwako. Kunywa maziwa hakusaidii, ingawa kila karakana inaamini hivyo.

Mapipa na matangi yaliyobeba mafuta usiyaguse kwa moto, hata yawe tupu, hata yawe yameoshwa kwa sabuni. Mvuke uliobaki ndani unatosha kulipua. Mteja atakwambia "yule fundi mwingine alichomelea na haikuwa kitu." Mwache aende kwa huyo.

Kuhusu umeme, hewa yetu ya pwani ina unyevu na sisi tunatoka jasho. Glavu iliyolowa ni sawa na kutokuwa na glavu. Usikae juu ya chuma unachokichomelea huku nguo imelowa. Kandambili marufuku. Jezi za nailoni nazo marufuku, zinayeyukia mwilini; vaa jinzi na shati la pamba la mikono mirefu. Kama mashine ni ya kusukwa na mafundi wa mtaani, hakikisha mfuko wake wa chuma umeungwa na waya wa athi unaopeleka umeme ardhini, na usiuguse ukiwa peku.

Moto wa kwanza

Chukua bamba chakavu la milimita 5 au 6. Lisugue kwa brashi ya waya mpaka ling'ae; kutu, rangi na mafuta huzaa vitundu kwenye mshono. Bana athi ya mashine, ule waya wenye kibanio, kwenye chuma kisafi karibu na kazi. Rodi tunazotumia sana zimeandikwa E6013, na dukani utaziomba kwa geji: geji 12 ni ya milimita 2.5, geji 10 ni ya milimita 3.2. Anza na ya 2.5, uweke ampea kati ya 60 na 90. Ya 3.2 huhitaji 90 hadi 130. Rodi iliyopigwa na unyevu, jambo la kawaida hapa miezi ya mvua, huruka cheche na kuacha vitundu. Ihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko na uianike juani kabla ya kazi.

Kuwasha ni kama kuwasha kiberiti: kwaruza, inua kidogo. Itanata. Usiogope, izungushe kwa nguvu ing'oke, au ifungue kutoka kwenye holda, kishikio chake. Ikishawaka, nafasi kati ya ncha na chuma iwe sawa na unene wa rodi yenyewe. Ilaze kidogo upande unakoelekea, iburute, usiisukume.

Siku za mwanzo utaona mwanga tu. Kila mtu huona mwanga tu. Usiutazame. Peleka macho nyuma yake kidogo, pale chuma kinapogeuka uji. Ukituliza macho utaona kumbe kuna vitu viwili ndani ya uji ule. Kimoja ni laini, kimetulia, kinaonekana kimelowa kama mafuta ya nazi yaliyoyeyuka, na ukingo wake umejichora mviringo. Hicho ndicho chuma. Kingine kinaelea juu yake na nyuma yake, kina mabaka, kinachezacheza na hakitulii. Hilo ni ganda, mafundi wengi huliita slagi. Mimi ilinichukua karibu miezi mitatu kuvitenganisha kwa sababu hakuna aliyeniambia kwamba ni viwili. Wewe umeshaambiwa. Uji wa chuma ndio unaouongoza. Ganda likikimbilia mbele ya uji litafunikwa ndani, na mshono utakuwa na mfuko usioonekana. Likianza kukimbilia mbele, fupisha moto, ilaze rodi zaidi kidogo upande unakoelekea mpaka lirudi nyuma, au ongeza ampea kidogo.

Zoezi ni mistari. Mstari wa urefu wa rodi moja, gonga ganda, piga brashi, utazame. Mawimbi yakiwa yamechongoka sana kama mkuki, unakwenda mbio. Mshono ukiwa mwembamba na umekaa juu kama mnyoo, ampea ni ndogo. Ukiwa bapa na kingo zimechimbika, ampea ni kubwa. Ganda likibanduka lenyewe ukiligusa, umekaribia. Andika ampea pembeni ya kila mstari kwa chaki. Bamba lililojaa mistari 40 ulilitunze. Baada ya miezi mitatu litakuonyesha ulikotoka.

Kuunganisha

Chuma kikichomelewa hupanuka, kikipoa hujivuta kuelekea upande wa mshono. Ndiyo sababu fremu iliyokuwa sawa asubuhi inakuwa na tumbo mchana. Huwezi kukizuia, ila unaweza kukipanga. Bana vipande juu ya meza iliyonyooka, piga pointi ndogo, za kushikilia tu, kwenye kona zote nne, pima ulalo. Haujalingana? Pointi inavunjika kwa nyundo, sasa ndiyo wakati wake. Ukilingana, chomelea kona moja, ruka kwenye kona inayoitazama kwa ulalo, kisha ya tatu, kisha ya nne. Pindua ufanye hivyo nyuma. Kamwe usimalize kona moja pande zote ukaendelea na jirani yake.

Paipu ya geji 18 hutoboka ukiichelewesha. Tumia rodi ya 2.5 kwa ampea za chini, piga vipande vifupi, acha ipoe, rudia. Ukitoboa, usimwage rodi kujaza shimo papo hapo. Ngoja wekundu uishe kwanza.

Kutu ya pwani

Fundi wa Dodoma anaweza kusahau kupaka rangi wiki nzima. Sisi hatuna nafasi hiyo. Chuma nilichokisaga jioni hapa mjini asubuhi kina wekundu, na kwa nyumba za Mikindani zinazotazama maji, au kwa wenye mashamba ya chumvi, ni mbaya zaidi. Gonga ganda lote, hasa la kwenye kona, kwa sababu rangi iliyokaa juu ya ganda hubanduka nalo. Futa vumbi na mafuta, paka redoksaidi, rangi ya chini ya kuzuia kutu, siku ileile, mara mbili, kisha rangi ya juu. Ziba ncha zote za paipu kwa kipande cha bamba na mshono kamili. Ncha iliyoachwa wazi hunywa hewa ya chumvi na chuma huoza kuanzia ndani. Kwa nyumba ya pwani mshauri mteja achukue geji 16. Akikataa kwa bei, sawa, lakini awe amesikia kwako.

Karatasi yako

Ujuzi wa karakanani hauna cheti, na hilo linawaumiza vijana wakienda kuomba kazi kiwanda cha saruji cha Dangote au kwa wakandarasi wa mitambo ya gesi ya Madimba. Njia ipo. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina vyuo Mtwara na Lindi, na mbali na kozi zake za kawaida za ngazi ya kwanza hadi ya tatu, ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Unapimwa kwa unachokijua tayari, unaelekezwa kwenye mapengo, unapewa cheti. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza uwe na daftari: tarehe, kazi, vipimo, rodi uliyotumia, na picha kwenye simu. Siku ya kupimwa hutababaika.

Kazi za mabomba ya gesi ni ngazi nyingine. Bomba kuu linalotoka Madimba kwenda Dar es Salaam lina kipenyo cha inchi 36, na mshono wa bomba la namna hiyo hupigwa picha ya miale kuona ndani. Huko unapewa mtihani wa mkono, na unaoogopwa zaidi ni wa 6G: bomba limelazwa nyuzi 45, halizungushwi, wewe ndiye unayelizunguka. Ukiwa na ndoto hiyo, anza sasa kuchomelea wima na juu ya kichwa kwenye chuma chakavu, wenzako wakiwa wamekwenda kula.

Ukifikia kujitegemea, SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, lina ofisi Mtwara na Lindi. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mabinti mafundi, nanyi mumo humo.

Dirisha la kuaga

Vifaa vyako vinunue kimoja kimoja ukiwa bado kwa fundi: tepu, skwea, ngao, nyundo ya kugongea ganda, halafu grenda. Mashine iwe ya mwisho. Usiondoke kimyakimya wala usichukue mteja wake. Muage, akupe mtihani.

Wangu ulikuwa dirisha la 120 kwa 150. Fundi wangu alinipa paipu moja, flati baa na rodi za kuhesabu, akaenda kukaa kwenye benchi na gazeti. Sikuulizwa kitu wala sikusaidiwa. Nilipomaliza kupaka redoksaidi ilikuwa karibu magharibi. Akaja, akaligeuza nyuma kwanza. Akapitisha kidole kwenye kila kona. Kisha akanyoosha mkono nimpe tepu, akapima ulalo mmoja, akapima wa pili, akanirudishia.

"Kesho saa mbili kuna geti la shule," akasema. "Wewe ndiye utakayepima."